Kanjogera Asiye na Utoto

Tamthilia za Kichina za makasri zina desturi moja ambayo mtazamaji akishaizoea huisubiri. Mwanamke aliyetia sumu kwenye uji wa mke mwenzake, aliyewasingizia watumishi wakachapwa hadi kufa, aliyehakikisha mtoto wa mwenzake hafikii utu uzima, ghafla anaonyeshwa akiwa na umri wa miaka saba. Askari wanamburuta baba yake, mama amepiga magoti kwenye matope, na msichana amejificha chini ya meza akiuma kiganja asitoe sauti. Kisha picha inarudi kwenye uso wa mtu mzima, na waliokuwa wakimlaani wanaanza kumwonea huruma. Katika mabanda ya video ya Rwamishenye hapa Bukoba, sawa na katika vibanda umiza vingine vyote vya Tanzania, steringi na adui hutambulika mapema, lakini adui wa kike ndiye anayedaiwa maelezo. Adui wa kiume anataka kiti cha enzi na hakuna anayeuliza kwa nini. Adui wa kike lazima awe aliumizwa utotoni. Nataka kuipima kanuni hiyo kwa mwanamke aliyeishi kweli, ng'ambo ya mto Kagera, katika ikulu ambayo habari zake zilifika Bukoba hata kabla ya redio. Anaitwa Kanjogera. Ninachodai ni kwamba jeraha la utotoni, hata kama alikuwa nalo, haliwezi kutueleza alichokifanya, na kwamba tunapolishikilia tunaifichia uso ikulu iliyomfunza.

Kwanza tukio lenyewe. Kigeli IV Rwabugiri, mwami (yaani mfalme) wa Rwanda aliyepigana vita karibu maisha yake yote, alifariki mwaka 1895 akiwa safarini kuivamia Bushi, magharibi ya ziwa Kivu. Mrithi alikuwa ameshatangazwa tangu 1889: Rutarindwa, aliyepewa jina la kifalme la Mibambwe. Kwa sheria ya Rwanda mwami hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na mama yake, naye alikuwa na boma lake, ng'ombe wake, majeshi yake na sauti yake katika baraza. Mama mzazi wa Rutarindwa, wa ukoo wa Abakono, alikuwa amekwisha kufa, na kiti hicho hakikuruhusiwa kukaa wazi. Rwabugiri akamteua mmoja wa wake zake, Kanjogera wa ukoo wa Abega, awe mama wa mfalme ambaye hakumzaa. Kanjogera alikuwa na mtoto wa kiume wa tumbo lake, Musinga, aliyekuwa na umri wa miaka kama sita wakati huo. Rwabugiri aliiona hatari, kwani inasimuliwa kwamba aliwaweka watu wake wa kuaminika, Bisangwa, Sehene na Mugugu, wamlinde Rutarindwa. Katikati ya mwaka 1896 Bisangwa aliuawa huko Shangi, jeshi la Rwanda lilipovamia ngome ya Wabelgiji na kukutana na bunduki. Wengine nao wakaondolewa. Mwishoni mwa mwaka huohuo, mahali paitwapo Rucunshu, wafuasi wa Abega wakiongozwa na Kabare, kaka yake Kanjogera, walipambana na wafuasi wa Rutarindwa. Mfalme alipoona ameshindwa alijifungia ndani ya nyumba pamoja na mkewe Kanyonga na watoto wao, nyumba ikateketea kwa moto. Kalinga, ngoma iliyokuwa alama ya ufalme wote, ikashika moto humohumo. Kabare anakumbukwa kwa jibu alilowapa waliotishika: maadamu mfalme yupo, ngoma itachongwa nyingine. Musinga, kijana wa miaka kama kumi na mitatu, akawa Yuhi V, na Kanjogera, aliyekuwa Nyiramibambwe kwa mwana wa kupewa, akawa Nyirayuhi kwa mwana wa kuzaa.

Kilichofuata hakipendezi, wala sina nia ya kukipamba. Ndugu za Rutarindwa walisakwa. Hata Muhigirwa, mwana mwingine wa Rwabugiri aliyekuwa upande wa Abega siku ya Rucunshu, hakumaliza muda mrefu kabla naye hajaangamia. Koo zilizoshukiwa zilinyang'anywa ng'ombe na watu. Kanjogera akabaki katika masimulizi ya Rwanda kama kipimo cha ukatili wa kike, mwenye upanga uliopewa jina, Ruhuga, na visa vinavyosimuliwa kuuhusu ni vya kutisha kiasi kwamba mtu mwenye busara anapaswa kujiuliza nani aliyevisimulia kwanza. Waliovisimulia ni wengi. Wako wa koo zilizopokonywa mwaka 1896 na miaka iliyofuata. Wako wamisionari, walioiona ikulu ya Nyanza chini ya mama huyo kama kizuizi cha Injili. Na wako wale waliohitaji sababu ya kueleza kwa nini Musinga aliondolewa na Wabelgiji tarehe 12 Novemba 1931, kwani mfalme aliyekataa kubatizwa ni rahisi kumweleza kama mtu aliyelelewa na mwanamke mbaya. Simulizi iliyopita katika mikono mitatu ya namna hiyo inaweza kuwa na ukweli ndani yake, lakini itakuwa imeongezewa chumvi katika kila mkono.

Utoto wake je? Tunachokijua ni kidogo mno. Alikuwa binti wa Rwakagara, mtu mkubwa wa Abega. Masimulizi ya ukoo yanamtaja Rwakagara kuwa ndugu wa Nyiramongi, mama wa mfalme Mutara II Rwogera, yaani shangazi yake Kanjogera alikwishakikalia kiti kilekile kabla yake. Basi. Hakuna anayeweza kutuambia kama alipigwa, kama alimwona mtu akiuawa, kama alilala njaa au alidekezwa. Mwandishi wa tamthilia atasema pengo hilo ni zawadi, alijaze apendavyo, na kwa tamthilia ana haki. Lakini mtu anayetaka kuelewa, asiyeridhika na kuguswa moyo tu, anapaswa kuliacha pengo libaki pengo na kutazama kile kinachoonekana wazi. Kinachoonekana ni binti aliyetoka katika nyumba ambayo tayari ilijua mama wa mfalme anapata nini, na anapoteza nini siku mwanawe akianguka.

Hasara hiyo haikuwa jambo la kubahatisha. Rwabugiri mwenyewe alikuwa na mama, Murorunkwere, aliyetawala pamoja naye mwanzoni. Mama huyo aliuawa kwa njama za ikulu wakati mwanawe akiwa madarakani, kwa tuhuma zilizohusu mwenendo wake na mwanamume, na baadaye mwami akawageukia walioshiriki au walioshukiwa kushiriki, wakafa kwa wingi. Kwa kila mwanamke wa ikulu funzo lilikuwa wazi: hata ukiwa mama mzazi wa mfalme aliye hai, unaweza kuuawa kwa neno la fitina, na atakayekulilia atakulilia kwa kuua wengine. Tuongeze na sheria ya urithi. Wana wa mfalme walikuwa wengi, wa mama mbalimbali, na hapakuwa na cheo cha mkubwa kwa umri. Aliyeshindwa hakurudi nyumbani kulima migomba. Yeye, mama yake, wajomba zake na wafuasi wao walikuwa hatarini kwa sababu tu mwili wake ulikuwa na damu ya kifalme ambayo mtu mwingine angeweza kuitumia kesho. Haya hayakuwa ya Rwanda peke yake. Huko Buganda, mwaka 1889, mfalme Kalema aliamuru ndugu zake wa kiume na wa kike wachomwe moto, na hatuna haja ya kuutafuta utoto wake ili kujua alichokiogopa. Alikuwa amewaona kaka zake wawili, Mwanga na Kiwewa, wakipinduliwa ndani ya muda mfupi, na alijua kila mtoto wa baba yao Mutesa aliyebaki hai ni kiti cha mapinduzi yajayo.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito. Kanjogera alikuwa tayari mama wa mfalme. Rwabugiri alimpa cheo chote mwaka 1889, na kama kweli alisukumwa na woga wa kupoteza, kwa nini ahatarishe alicho nacho? Je, hii si tamaa tupu? Jibu langu ni kwamba cheo cha kupewa na cheo cha kuzaa havikuwa sawa, na kila mtu ikulu alilijua hilo. Mama wa kupewa ana nguvu kwa muda ambao mwana anamhitaji. Rutarindwa alikuwa mtu mzima, ana mke, ana watoto, na ana jamaa wa mama yake, Abakono, waliosubiri zamu yao. Kila mwaka ambao angekaa kwenye kiti, Abega wangesogea nje hatua moja. Na juu ya yote alikuwapo Musinga. Kijana wa miaka kumi na mitatu, mwana wa Rwabugiri, mwenye wajomba wenye majeshi, hawezi kuachwa akue kwa amani na mfalme yeyote mwenye akili. Kama Rutarindwa asingemuua, warithi wake wangefikiria kumuua. Mama aliyekaa karibu na baraza alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Sisemi kwamba hakuwa na tamaa. Nasema tamaa na woga katika nyumba ile havikuwa vitu viwili vya kutenganishwa, kwa sababu njia pekee ya kuwa salama ilikuwa kuwa juu kabisa.

Lakini hoja hii ya mfumo ina mpaka, na ni haki kuuonyesha. Mfumo hausemi ni wapi pa kusimama. Baada ya moto wa Rucunshu Kanjogera na kaka zake walikuwa wameshinda, na bado waliendelea kuua kwa miaka. Kifo cha Muhigirwa hakielezwi na ulazima wa siku ya mapambano, maana alikuwa upande wao. Kwa lugha ya ikulu alikuwa hatari kwa sababu ni mwana wa Rwabugiri, lakini mtu anaweza kuijua lugha hiyo na bado akakataa kuisema. Kanjogera alikuwa na nafasi ya kuchagua, na alichagua. Alison Des Forges, mwanahistoria wa Marekani aliyeandika kwa kina juu ya Rwanda ya Musinga, ametuonyesha ikulu ambamo mama, kaka zake Kabare na Ruhinankiko, na mfalme mwenyewe walivutana kwa miaka mingi, kaka wakishindania sikio la dada yao, na kila mmoja akitumia Wazungu na wamisionari kwa faida yake. Huko hatukuti mwanamke aliyepagawa na kumbukumbu ya mvua na matope. Tunakuta mwanasiasa anayehesabu, akikosea mara nyingine, na anayestahili kulaumiwa kama mwanasiasa.

Neno hilo, mwanasiasa, tunawapa wanaume kirahisi. Rwabugiri ndiye mwenye jeraha linalojulikana: mama yake aliuawa, na yeye akamwaga damu kwa sababu hiyo. Lakini hakuna anayemweleza kwa jeraha. Anaitwa mfalme mkuu, mpanuzi wa nchi, na vifo vya mkono wake vinaingia kwenye hesabu ya vita. Hapa kwetu Kagera, Kahigi wa Kianja, ambaye kasri lake la Kanazi liko kusini ya mji wa Bukoba, alijua kuutumia urafiki na Wajerumani kujiongezea ardhi na kuwapunguza watawala jirani. Anakumbukwa kama mtawala hodari, wengine wanamkumbuka kwa uchungu, lakini sijasikia hata mmoja akiuliza alitendewa nini akiwa mtoto. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu Kahigi alitenda kwa akili timamu akiwa na malengo. Ninachodai ni kwamba Kanjogera apewe heshima hiyohiyo, na aubebe mzigo huohuo wa lawama. Kumpa mwanamke utoto wa kusikitisha kama sababu ya siasa yake kunaonekana ni huruma, kumbe ni kumnyang'anya akili yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili uliwahi kukaa Bukoba. Kaskazini mwa Rwanda, katika milima ya Ndorwa, alitokea mwanamke mwingine aliyejulikana kwa jina la Muhumuza. Alisema yeye naye alikuwa mke wa Rwabugiri, na kwamba mwanawe ndiye mrithi wa haki aliyenyang'anywa ngoma. Alijifunga na imani ya Nyabingi, akakusanya wafuasi, akawapinga Abega wa Nyanza, kisha akawapinga Wazungu. Mwaka 1909 Wajerumani walimkamata na kumleta Bukoba, kituo alichokianzisha Emin Pasha mwaka 1890, wakamzuia hapa. Mwaka 1911 alikuwa amesharudi Ndorwa, akatangaza vita upya, na Septemba ya mwaka huo Waingereza wakamteka huko Ihanga na kumhamishia Kampala, ambako alifia mwaka 1945. Sasa waweke wawili hawa pamoja. Wote wanadai ukaribu na mfalme mmoja. Wote wanajenga dai lao juu ya mwana wa kiume. Wote wako tayari watu wafe kwa ajili ya dai hilo, na wafuasi wa Muhumuza walishambulia watu wa kawaida waliokubali kutumikia serikali ya Waingereza. Kama tamaa ya madaraka ni ugonjwa unaotokana na utoto, basi ni lazima tumpime Muhumuza kwa kipimo kilekile. Hatufanyi hivyo. Muhumuza anafundishwa kama shujaa wa upinzani, na Kanjogera kama mchawi wa ikulu, kwa sababu mmoja alishindwa na wakoloni na mwingine kwa muda alifaidika nao: mwaka 1912, mtu aitwaye Ndungutse alipoasi kaskazini akijitambulisha kuwa mwana wa Rutarindwa, Wajerumani ndio waliomvunja kwa niaba ya Musinga. Siasa ya wanawake hawa wawili ilikuwa ya namna moja. Tofauti ni upande waliosimama na jinsi mambo yalivyowaishia.

Atatokea msomaji wa saikolojia aseme ninawadharau watoto. Utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa Marekani mwaka 1998, na mwingine mwingi uliofuata, umeonyesha kwamba mateso ya utotoni yanaacha alama: maradhi ya moyo, ulevi, huzuni isiyoisha, maisha mafupi. Siyakatai hayo hata kidogo. Lakini tafiti hizo zinahusu uwezekano katika maelfu ya watu, na wengi mno walioumizwa utotoni hawakumchoma mtu moto ndani ya nyumba. Wamebaki na maumivu yao, wakalea watoto, wakalima. Anayemfanya adui wa tamthilia atokane na jeraha anawatukana watu hao bila kujua, kana kwamba kila mtoto aliyepigwa ni muuaji anayesubiri nafasi.

Isitoshe, katika kisa cha Rucunshu yupo mtoto ambaye utoto wake tunaujua, na karibu hakuna anayemtazama. Ni Musinga. Tunajua kwamba akiwa na miaka kama sita aliona mama yake akipewa mwana mwingine wa kumwita mfalme. Tunajua kwamba akiwa na miaka kama kumi na mitatu kaka yake aliteketea ili yeye akalie kiti. Tunajua kwamba alifichwa: Februari 1900, Askofu Jean-Joseph Hirth, aliyekuwa na mamlaka ya kanisa katika eneo lililojumuisha Bukoba yetu hii, alipofika Nyanza kuomba ardhi ya misheni, aliyeketishwa mbele yake kama mwami hakuwa Musinga bali mtu mzima aliyewekwa badala yake. Ikulu iliogopa macho ya mgeni, na iliogopa zaidi kumwonyesha mgeni kwamba nchi inatawaliwa na kijana na wajomba zake. Hebu fikiria malezi hayo. Kijana anaambiwa yeye ndiye mkuu wa nchi, na papo hapo anaambiwa ajifiche wakati mtu mwingine akiwa yeye. Wazungu waliomjua baadaye walimwandika kuwa mwenye wasiwasi, anayebadilika, asiyemwamini mtu. Walieleza tabia hiyo kwa rangi ya ngozi yake na kwa upagani wake. Wangeweza kuieleza kwa miaka yake kumi na mitatu, na kwa mara hii moja maelezo ya utoto yangekuwa na ushahidi nyuma yake.

Tofauti hiyo, kati ya utoto wenye ushahidi na utoto wa kubuniwa, inatuonyesha pale ambapo waandishi wa tamthilia, wa China na wa kwetu, wamekosea. Kisa kinachosimuliwa juu ya Wu Zetian, mwanamke pekee anayetambuliwa kuwa alitawala China kwa cheo cha mfalme, kuanzia 690 hadi 705, ni kwamba alimuua binti yake mchanga kwa mikono yake ili amsingizie malkia Wang. Kimeandikwa na wanahistoria wa nasaba zilizokuja baada yake, waliokuwa na kila sababu ya kuchukizwa na mwanamke kwenye kiti kile. Tamthilia za leo zinamtetea kwa kumpa moyo uliovunjika. Zingemtetea vizuri zaidi kwa kutuonyesha alichokikuta alipoingia ikulu akiwa na miaka 14, mwaka 638: wanawake wengi wanaomtegemea mwanamume mmoja, na sheria kwamba akifa, wale wasiomzalia watanyolewa nywele na kupelekwa kwenye nyumba ya watawa. Wu alipelekwa huko kweli. Msichana wa miaka 14 anayejifunza hesabu hiyo hahitaji kumbukumbu ya mvua na matope ili aanze kupanga.

Mwandishi wa Bukoba au wa Kigali atakayeandika tamthilia ya Kanjogera ana tukio moja la kulijenga kwa makini, nalo liko mwaka 1889. Mfalme anatangaza mrithi. Mke anapewa kiti cha mama, na wote wanampongeza. Kabare yuko pale, anafanya hesabu. Abakono wako pale, nao wanafanya hesabu yao. Rwabugiri, aliyempoteza mama yake kwa njama, anaamini kwamba kwa kumpa mwanamke mwenye ukoo wenye nguvu cheo hicho amemfungia Rutarindwa mlango wa hatari, na anaweka walinzi watatu kwa kutojiamini. Mtoto wa miaka sita anazunguka miguuni pa watu. Kila mmoja katika nyumba hiyo ana akili, na kila mmoja anajua wengine wanafikiria nini. Hakuna mwehu hata mmoja. Miaka saba baadaye nyumba inaungua Rucunshu, na miaka thelathini na mitano baada ya moto huo Wabelgiji wanambeba Kanjogera pamoja na mwanawe hadi Kamembe, kando ya ziwa Kivu, ambako alifariki mwaka 1933. Musinga akapelekwa Moba huko Kongo, akafia huko mwaka 1944. Kiti cha Rwanda kilikuwa kimekaliwa na mjukuu wa Kanjogera, Rudahigwa, aliyewekwa na Wabelgiji siku nne tu baada ya baba yake kuondolewa, na mama yake Rudahigwa, Kankazi, akakalia kiti cha mama wa mfalme.